SSH haiamki umeme ukirudi: kosa liko wapi?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi wa kompyuta, naishi Uyole, Mbeya, na natunza seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo kilichoko Tukuyu. Seva inatumia Ubuntu 22.04, na mimi huingia kwa SSH, ile njia salama ya kuiendesha kompyuta ya mbali kwa amri za maandishi, kupitia handaki la WireGuard, yaani njia ya faragha iliyosimbwa ndani ya mtandao wa kawaida. Mwaka jana nilifuata mwongozo mmoja wa usalama, nikaweka ListenAddress 10.8.0.2 ili SSH isikilize kwenye handaki peke yake. Tangu hapo, kila umeme ukikatika na kurudi, seva inawaka, makarani wanafungua programu yao ya hesabu kama kawaida, hata ping ya handaki inajibu, lakini SSH inanikatalia: 'Connection refused'. Inabidi nimpigie simu karani akae kwenye kibodi aandike sudo systemctl restart ssh, na hapo hapo naingia. Maana yake karani anajua nenosiri la msimamizi, na hilo silipendi kabisa. Nikiuliza systemctl is-enabled ssh, jibu ni 'enabled'. Rafiki mmoja kanishauri niiweke kwenye cron, ile ratiba ya kazi za seva, na sleep 60 ili ingoje dakika moja; mwingine anasema niwashe Telnet, ile njia ya zamani ya kuingia mashine ya mbali, iwe mlango wa dharura. Tena nikiiagiza seva ijiwashe upya nikiwa huku, dirisha langu linaganda. Na siku moja niliandika poweroff badala ya reboot, nikalazimika kupanda Coaster hadi Tukuyu kubonyeza kitufe. Sasa naogopa hata kuigusa SSH nikiwa mbali, nisije nikajifungia nje. Nifanyeje?"*

Ndugu yangu wa Uyole, dalili ulizozieleza zinatosha kumtambua mkosaji bila kufika Tukuyu. Makarani wanafanya kazi, kwa hiyo mashine imewaka salama na mtandao wa ndani upo. Handaki linajibu ping, kwa hiyo ruta na WireGuard viko sawa. Na hiyo "Connection refused" usiichukie, maana ni jibu: kerneli ya seva, yaani kiini cha mfumo wake, imepokea ombi lako kwenye poti 22, mlango wa kawaida wa SSH, imetafuta programu inayosikiliza hapo, haikuiona, ikakurudisha. Ingekuwa kebo imekatika au faiwoli inameza pakiti zako, ungekaa ukingoja mpaka muda uishe, bila neno lolote. Basi kinachokosekana ni sshd yenyewe, programu ya upande wa seva inayopokea wanaoingia kwa SSH. Na kwa kuwa amri moja ya restart inaiamsha papo hapo, haijaharibika. Ilijaribu kuamka mapema mno, ikaanguka, na hakuna aliyeinyanyua.

Tuanze na hilo neno "enabled", kwa sababu limewapotosha mafundi wengi. Unapoandika systemctl enable ssh, systemd, msimamizi wa huduma zote za Ubuntu, haianzishi chochote. Inachofanya ni kuweka kiungo ndani ya /etc/systemd/system/multi-user.target.wants/ chenye maana moja tu: mashine ikifika hatua hiyo ya kuwaka, jaribu kuianzisha huduma hii. Kama jaribio lilifaulu au la, is-enabled haijui wala haijali. Swali lako lilipaswa kuwa systemctl is-active ssh, au vizuri zaidi systemctl status ssh, ambayo itakuonyesha "failed" kwa maandishi mekundu pamoja na sababu. Kwa hiyo seva haikukudanganya. Iliulizwa kuhusu mpango ikajibu kuhusu mpango.

Sasa, kwa nini inaanguka? Programu inapotaka kusikiliza kwenye anwani fulani, lazima anwani hiyo iwe tayari imekaa kwenye kadi mojawapo ya mtandao ya mashine hiyo. Anwani yako ya 10.8.0.2 haizaliwi na kadi ya kebo. Inazaliwa pale wg-quick, amri inayoiwasha WireGuard, inapoumba wg0, kadi ya kubuni ya handaki. Huduma ya ssh ya Ubuntu imeandikwa ianze baada ya network.target, na jina hilo linawafanya watu waamini kwamba mtandao utakuwa umeshakamilika. Sivyo. Umeshawahi kufika stendi ya Nane Nane alfajiri ukamkuta kondakta anaita "Tukuyu, Tukuyu, Kyela!" na dereva hajafika? network.target ndiyo huyo kondakta: shughuli ya kusimamia mtandao imeanza, lakini haijaahidi kwamba anwani yoyote imeshapatikana. Kituo kinachongoja mtandao uwe umepatikana kweli ni kingine, network-online.target, na hata hicho hakiijui wg0 yako. WireGuard yenyewe imepangwa ianze baada ya network-online.target. Yaani kwa mpangilio ulio nao, SSH ina ruhusa ya kuanza kabla ya WireGuard, na karibu kila mara itafanya hivyo.

Umeme unapokatika, pengo hili hupanuka. Seva yenye diski ya SSD huwaka upesi, huku ruta iliyowashwa sekunde ile ile ikiwa bado inahangaika kuupata mtandao wa simu. Nadhani ndiyo maana hukuliona tatizo siku ulipoweka ListenAddress: uliiwasha ssh upya kwa mkono wakati wg0 ipo tayari, ikakubali, ukaondoka ukijua kazi imekwisha. Usanidi wa huduma yoyote inayoanza na mashine haujajaribiwa mpaka mashine yenyewe imezimwa na kuwashwa.

Linabaki swali la pili, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi: kwa nini systemd haikuijaribu tena? Faili la huduma lina mstari Restart=on-failure, na msomaji wa haraka ataridhika kwamba ikianguka itainuliwa. Lakini chini yake kuna mstari mwingine, RestartPreventExitStatus=255. Maana yake: programu ikitoka kwa namba 255, usiirudie. Na sshd inapokumbana na kosa inaloliona la mwisho, hutoka kwa 255. Nia ilikuwa njema. Kama faili la usanidi lina kosa la kuandika, hakuna faida kuirudia mara mia. Bahati mbaya, kukosa anwani kwa sekunde kumi za mwanzo nako kunahesabiwa kosa la mwisho. Utajionea mwenyewe umeme ukikatika tena, kabla karani hajagusa kitu au hata baadaye, kwa kuandika amri hii inayosoma logi za ssh tangu mashine ilipowaka:

journalctl -u ssh -b

Utakuta mistari miwili inayofuatana: "Bind to port 22 on 10.8.0.2 failed: Cannot assign requested address", kisha "Cannot bind any address". Ukiyaona hayo, huna haja ya kubahatisha tena. Linganisha na saa za journalctl -u wg-quick@wg0 -b, utaona ni nani aliyetangulia. Ukikuta maneno mengine kabisa, kwa mfano kwamba hakuna funguo za seva, hilo ni tatizo jingine na tiba yake ni nyingine (ssh-keygen -A huzitengeneza zilizokosekana), lakini nitashangaa.

Ushauri wa marafiki zako nitaupima kwa haki. Huyu wa cron na sleep 60 hajakosea kuhusu chanzo: ametambua kwamba kuna kuwahi na kuchelewa. Ila dakika moja ni namba ya kubahatisha. Siku ruta itakayochukua dakika tatu, utarudi kumpigia simu karani. Halafu yule atakayekuja kuitunza seva baada yako atatafuta saa nzima ni nani anayeiwasha ssh mara mbili. Huyu wa Telnet simsikilizi hata kidogo. Telnet hupitisha jina na nenosiri wazi wazi, na SSH yenyewe ilizaliwa mwaka 1995, mikononi mwa Tatu Ylönen wa Finland, baada ya mtandao wa chuo chake kunaswa manenosiri kwa njia hiyo hiyo. Kuweka Telnet kwenye seva ya fedha za watu ili kuponya hitilafu ya mpangilio wa kuwaka, hapana.

Njia zilizobaki ni tatu, na zote zinafanya kazi. Nitakueleza ninayoipendelea na sababu.

Ya kwanza ni kuiambia ssh ingoje WireGuard, kwa systemctl edit ssh na mstari After=wg-quick@wg0.service. Inaonekana safi, na ndiyo utakayoikuta imependekezwa zaidi. Mimi siipendi kwa seva iliyo mbali. Kama WireGuard yako inatafuta seva ya upande wa pili kwa jina badala ya namba, na mtandao wa nje haujarudi, wg-quick inaweza kukaa ikijaribu kulitafuta jina hilo kwa muda mrefu sana. SSH itakaa nayo ikingoja. Siku utakapokwenda Tukuyu na kompyuta yako mkononi, ukachomeka kebo kwenye swichi ya ofisi ili uingie kutoka ndani, utakuta mlango umefungwa kwa sababu ya handaki lililokufa. Yaani huduma ya kuokolea umeifunga kwenye kitu ambacho ndicho huharibika mara nyingi.

Ya pili ni kuiruhusu kerneli ikubali anwani ambayo bado haipo, kwa kuweka net.ipv4.ip_nonlocal_bind=1 ndani ya /etc/sysctl.d/. Hapo sshd itajifunga kwenye 10.8.0.2 hata kabla wg0 haijazaliwa, na handaki likitokea itaanza kupokea. Ni mstari mmoja tu. Ila unaathiri kila programu kwenye mashine: huko mbele ukikosea kuandika anwani ya huduma nyingine, haitalalamika, itakaa kimya ikisikiliza pasipo mtu. Na bado hutaweza kuingia kutoka mtandao wa ndani.

Ya tatu, ninayokushauri, ni kuondoa ListenAddress kabisa na kuikabidhi faiwoli kazi ya kuchuja. Hofu yako ni kwamba SSH itakuwa uchi kwa kila mtu. Kumbuka lakini kwamba kusikiliza na kuruhusu ni kazi mbili tofauti. sshd isikilize kwenye anwani zote, ambazo zipo tangu mwanzo hivyo haiwezi kuanguka kwa kukosa, halafu ufw, faiwoli ya Ubuntu, iseme ni nani anayefika. Kanuni ya ufw inayotaja wg0 hukubalika hata kama wg0 bado haijatokea. Usalama unabaki ule ule uliokuwa unautafuta, na wewe huhitaji tena kujua nani alitangulia kuamka.

Kabla ya kuanza, hofu yako ya kujifungia nje. Kuiwasha upya ssh hakukukati wewe uliyeko ndani. Mchakato mkuu wa sshd ndio unaozimwa na kuwashwa; vikao vilivyokwisha kufunguliwa vina michakato yao, na huduma imeandikwa KillMode=process ili visiguswe. Kwa hiyo ngao yako ni kutofunga dirisha la kwanza mpaka la pili limeingia salama. Hata ukiivuruga sshd kabisa, dirisha la kwanza bado liko hai na unaweza kurekebisha. Kinachoweza kukufungia nje kweli kweli ni faiwoli, kwa hiyo hapo ndipo uende polepole.

Fungua madirisha mawili, yote yameingia Tukuyu. Kwenye moja andika:

sudo ufw allow in on wg0 to any port 22 proto tcp

Ongeza na kompyuta moja ya ofisini unayoiamini, kwa mfano sudo ufw allow from 192.168.10.20 to any port 22 proto tcp, ukiweka anwani yake halisi. Huo ndio mlango wa dharura uliokuwa unataka kuutengeneza kwa Telnet. Kisha tazama sudo ufw status. Kama ufw haijawashwa, usikimbilie ufw enable: kwanza ruhusu poti ya programu ya hesabu ya makarani na poti ya WireGuard kama seva yako ndiyo inayopokea, la sivyo utaiwasha ufw saa nne asubuhi na foleni ya wanachama itakujua jina. Na kama kuna kanuni ya zamani inayoruhusu OpenSSH kutoka popote, ifute kwa sudo ufw delete allow OpenSSH.

Baada ya hapo weka alama ya # mbele ya ListenAddress. Kama huikumbuki uliiandika wapi, tazama /etc/ssh/sshd_config na pia mafaili ya /etc/ssh/sshd_config.d/, kwa sababu Ubuntu husoma yote. Amri sudo sshd -T | grep -i listenaddress itakuonyesha kinachotumika kweli, si kile unachodhani umeandika. Halafu sudo sshd -t. Ikikaa kimya, usanidi hauna kosa la kuandika. Sasa sudo systemctl restart ssh, kisha sudo ss -tlnp | grep :22, uone 0.0.0.0:22. Fungua dirisha la tatu kutoka Uyole. Likiingia, umemaliza.

Ningeongeza bima moja. Andika sudo systemctl edit ssh na uweke:

[Unit]
StartLimitIntervalSec=0

[Service]
RestartPreventExitStatus=
RestartSec=20

Mstari ule ulioachwa wazi baada ya alama ya sawa unafuta lile katazo la 255, na huo wa juu unaiondolea systemd tabia ya kukata tamaa baada ya majaribio machache ya haraka. Kuanzia hapo sshd ikianguka kwa sababu yoyote itajaribiwa tena kila sekunde 20. Kama usanidi una kosa, itajaza logi kelele tu, jambo ambalo kwa mashine iliyo mbali nalikubali kwa moyo mweupe.

Siku utakapopandisha mashine hadi Ubuntu 24.04, kumbuka kwamba huko anayepokea simu ya kwanza ni ssh.socket, na ssh.service huamshwa mtu akibisha. Ukibadilisha poti, lazima sudo systemctl daemon-reload kisha sudo systemctl restart ssh.socket, vinginevyo utabaki ukishangaa kwa nini poti ya zamani bado iko hai.

Kuhusu karani na nenosiri la msimamizi: libadilishe leo. Kama ungependa abaki na uwezo wa kukusaidia, tumia sudo visudo -f /etc/sudoers.d/karani na umpe amri moja peke yake:

karani ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart ssh

Ataweza kuiwasha ssh na hataweza kingine. Ni haki yake pia. Siku pesa zikipotea kwenye vitabu, hatakiwi kuwa mtu aliyekuwa na funguo zote.

Tuje kwenye kuzima. Dirisha lako linaganda kwa sababu mashine inapozimika, huduma hufungwa kwa mpangilio, na ule mpangilio unahakikisha kikao chako kinaagwa kabla ya mtandao wa kawaida kufungwa. Lakini wewe huji kwa mtandao wa kawaida, unakuja kwa wg0, na WireGuard haimo katika mpangilio huo: inaweza kuzimwa sambamba na kikao chako. Ikitangulia, ujumbe wa "kwaheri" hauna njia ya kukufikia, na kompyuta yako inaendelea kuamini kwamba mazungumzo yapo. Kuna sababu nyingine ya kuangalia: kama ule mwongozo wa usalama ulikuambia uweke UsePAM no, rudisha UsePAM yes, kwa sababu bila hiyo systemd haivitambui vikao vyako na haitavifunga kwa heshima hata kwenye mtandao wa kawaida.

Kuganda huko hakuiumizi seva hata chembe. Ukikuta dirisha limeganda, bonyeza Enter, kisha ~ na nukta. SSH ya upande wako itajikata yenyewe. Na kwenye ~/.ssh/config ya kompyuta yako weka ServerAliveInterval 15 na ServerAliveCountMax 3, ili ikikosa majibu kwa sekunde kama 45 ijifunge bila kukusumbua. Mimi binafsi siandiki reboot kwa mashine ya mbali. Naandika sudo shutdown -r +10, naondoka kwa exit, basi. Dakika kumi zinanipa nafasi ya kughairi kwa sudo shutdown -c. Angalizo: zikibaki dakika 5, mfumo huweka /run/nologin na watumiaji wa kawaida hawaingii tena, kwa hiyo ukitoka halafu ukajuta dakika za mwisho, hutarudi ndani kughairi. Katazo kama hilo unaweza kuliona hata mashine inapowaka, ukibisha mapema sana. Subiri kidogo, ujaribu tena.

Kwa lile la poweroff, kuna programu ndogo iitwayo molly-guard. Iweke kwa sudo apt install molly-guard, na kuanzia hapo ukiandika poweroff au reboot ukiwa ndani ya SSH, itakutaka uandike jina la seva kwanza. Mkono unaweza kuteleza kwenye poweroff, lakini kule kusimamishwa uandike jina kunakupa nafasi ya kuona ulichoandika kabla hakijatokea.

Yote haya ni bure kama mashine haiwaki yenyewe umeme ukirudi. Yako inawaka, kwa hiyo mtu alishaweka BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine, vizuri au imebahatika. Ila niulize: ina UPS, ile betri ya akiba ya kuishikilia umeme ukikatika? Kwa mvua na radi za Rungwe nakushauri iwe nayo, na ruta nayo ichomekwe humo humo. Lakini UPS inaleta mtego wake. Tuseme umeme umekatika, betri inaisha, programu ya kusimamia UPS kama NUT inaiambia seva ijizime kwa adabu. Seva inazimika. Dakika moja baadaye umeme unarudi, kabla betri haijaisha kabisa. Kwa macho ya seva, umeme haukuwahi kukatika, maana UPS ilikuwa ikiilisha muda wote. Kwa hiyo lile agizo la BIOS la "waka umeme ukirudi" halina cha kuamsha, na seva inakaa imezimwa mpaka mtu abonyeze kitufe. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba NUT, mwisho wa kuzima, inaiamuru UPS yenyewe ikate umeme wa kutoka na kuurudisha baada ya muda. Si kila UPS ya bei nafuu inaweza hilo. Uliza kabla ya kununua, na ukiambiwa "zote zinafanya", nenda duka lingine.

Sasa lini uifunge safari ya Tukuyu? Mara moja, kwa mpango, jioni makarani wakishaondoka na nakala ya data ikiwa imeshatolewa. Ingia kwenye BIOS uthibitishe mpangilio wa umeme. Kwenye mashine nyingi za Dell unaitwa AC Recovery, kwenye za HP ni After Power Loss. Kisha ifanye seva ijiwashe upya mara kadhaa mbele yako, moja kati ya hizo ukiwa umeizima ruta kwanza, uone kama bado unaingia kutoka kompyuta ya ofisini. Hakikisha pia kwamba diski ya nje ya nakala, kama ipo ndani ya /etc/fstab, orodha ya diski zinazofunguliwa mashine ikiwaka, ina neno nofail. Bila hilo, siku karani atakapoichomoa ili achaji simu, seva itaingoja dakika moja na nusu, kisha itaishia kwenye hali ya dharura ambako hakuna SSH wala programu ya hesabu.

Kuna hali mbili ambazo hupaswi kuzitibu ukiwa Uyole. Ukiona kwenye logi makosa ya kusoma diski, au mashine inasimama ikitaka fsck (ukaguzi wa diski) ya mkono kila umeme ukikatika, diski inakufa na inahitaji mtu mbele yake, na diski mpya mkononi. Na kompyuta yako ikikuonya kwamba funguo ya utambulisho ya seva imebadilika wakati wewe hujaweka mfumo upya wala kubadilisha kitu, usifute mstari wake kwenye known_hosts, faili linalokumbuka seva ulizokwisha kuzijua, na kuendelea. Piga simu chamani, ulize nani ameigusa mashine, na usiandike nenosiri lolote mpaka umeiona kwa macho.

Ukishafanya haya, na umeme ukirudi bado unakuta "Connection refused", niletee matokeo ya journalctl -b -u ssh -u wg-quick@wg0 yakiwa na saa zake, pamoja na systemctl cat ssh. Futa humo majina ya watu na anwani za nje kabla ya kutuma.